Mwanagenzi wa Kompyuta

Mjini Bujumbura kijana anayetengeneza kompyuta ana majina matatu, na kila anayemwita huchagua lake. Ofisini, ambako barua huandikwa kwa Kifaransa, ni "informaticien". Akishuka Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, ambako barabara zinaitwa kwa namba na magereji yamebanana, ni fundi. Nyumbani, kwa Kirundi, mama yake humwambia jirani kwamba mwanawe ni umuhinga, yaani mjuzi wa mambo makubwa. Majina hayo hayana uzito mmoja. La kwanza linataka diploma, la pili linataka kazi iliyokwisha kufanyika, na la tatu halitaki chochote ila mama mwenye mapenzi. Kijana anayetaka kuanza maisha katika teknolojia ya habari, asiye na fedha nyingi wala mjomba wizarani, lazima aamue atalitafuta lipi kwanza. Mimi namshauri alitafute la pili. Mengine yatamfuata.

Tuanze na hilo la ofisini, maana ndilo linalotisha. Mwaka 1955 kampuni ya IBM ya Ufaransa ilitafuta jina la Kifaransa la mashine yake mpya, ikamwandikia Jacques Perret, mwalimu wa Kilatini wa Sorbonne. Perret akapendekeza "ordinateur", akakumbusha kwamba katika kamusi ya Littré neno hilo lilikuwa sifa ya Mungu anayeupanga ulimwengu. Miaka saba baadaye, 1962, Philippe Dreyfus akaunga neno la habari na neno la kujiendesha, ikapatikana "informatique". Kwa hiyo mtoto wa mtaa wa Kamenge anayeingia darasani kujifunza kufuta vumbi kwenye feni ya kompyuta anapokea istilahi yenye harufu ya kanisa na ya chuo kikuu cha Paris. Haishangazi kwamba wengi huogopa kuigusa mashine yenyewe mpaka wamalize nadharia.

Majirani nao wameitukuza mashine hiyo. Wanyarwanda huiita mudasobwa, kitu kisichokosea. Warundi tunasema nyabwonko, chenye ubongo. Kiswahili kilitunga tarakilishi, neno lenye tarakimu tumboni, na ngamizi, na bado wauzaji, wanunuzi na mafundi wote wanasema kompyuta. Sioni haja ya kuwakemea. Ila mudasobwa hunichekesha kila ninapolisikia, kwa kuwa fundi hula kwa sababu mudasobwa hukosea. Ingekuwa kweli haikosei, nusu ya meza za mafundi katika maduka ya katikati ya mji zingefungwa kesho.

Kirundi kina sifa yake lakini, na nitaitoa hapa kabla sijasahau. Kile ambacho Tanzania inakiita TEHAMA, Kirundi kinakiita ubuhinga ngurukanabumenyi. Ndani yake kuna kuguruka, kuruka angani, na ubumenyi, ujuzi: ustadi unaoruka na maarifa. Refu, ndiyo, lakini linaeleza. TEHAMA ni silabi za kwanza zilizofungwa pamoja, na sikio lisilo makini hulisikia kama tahamaki.

Sasa fundi. Neno hili halimtaji mtu kwa alichosoma. Ndugu zake ni funda, fundisha, mafunzo na mwanafunzi, na kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zilimweleza fundi kuwa mtu aliyeiweza kazi yake kiasi cha kuweza kumfundisha mwingine. Sehemu hiyo ya mwisho tumeisahau. Anayeweza kufungua kompyuta ya mkononi lakini hawezi kumweleza mdogo wake kwa nini ameanza na betri kabla ya skrubu, huyo ufundi wake haujatimia. Kirundi kimelichukua neno kwenye Kiswahili, kikalifanya umufundi, lakini ndani yake umufundi hasa ni mwashi. Ukimwambia mzee wa milimani kwamba wewe ni fundi wa kompyuta, kwanza atakuona na matope mikononi. Wala hajakosea sana.

Kuna na mtaalamu, cheo ambacho kila mtu anakitaka kwenye kadi yake. Asili yake Kiarabu, muta'allim, na kwa Waarabu huyo ni mwenye kujifunza, mwanafunzi. Kiswahili kimempandisha daraja bila mtihani. Katika fani ambamo alichokisoma mtu miaka mitano iliyopita kimeshaanza kuchakaa, ingefaa wataalamu wakumbuke walikotoka.

Tangazo la kazi ndipo maneno yanapoumiza watu. "Uzoefu usiopungua miaka miwili." Kijana aliyemaliza A2, kama tunavyoiita diploma ya sekondari ya ufundi, hulisoma hilo akakunja gazeti. Lakini uzoefu ni nini? Ni kuzoea. Mtu anaweza kuzoea kuizima na kuiwasha mashine kila ikikwama, kwa miaka kumi, asijue hata siku moja kwa nini inakwama. Mwingine anaweza kuwa amekaa miezi michache tu chumbani kwake na kompyuta kuukuu, akaiharibu kwa makusudi na kuifufua, na akajua zaidi. Wakenya wana tajriba, na tajriba kwa Kiarabu ni jaribio pia. Anayedai tajriba anauliza: umejaribu nini? Anayedai uzoefu anauliza: umekaa wapi, muda gani? Kwa kazi hii swali la kwanza ndilo lenye faida, na ndilo ambalo kijana asiyewahi kuajiriwa anaweza kulijibu.

Umahiri na umilisi nitayapita haraka. La kwanza limeenea katika mitaala ya Tanzania, la pili katika mitaala ya Kenya, yote mawili yanakusudia kile mwanafunzi anachoweza kukitenda baada ya somo. Ni maneno mazuri, ila sijamsikia fundi akiyatumia. Stadi ni jambo jingine. Stadi na ustadhi ni watoto wa shina moja la Kiajemi, lile la bwana mkubwa wa kazi anayezungukwa na wanafunzi wake. Tanzania ilipounda VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya kazi, mwaka 1994 iliita mafunzo yake ufundi stadi, maneno mawili yanayobeba mwalimu mara mbili. Aliyechagua alijua anachofanya, au lugha ilimjulia.

Baada ya shule huja kile ambacho Bujumbura tunakiita staji. Kijana hupeleka barua, husubiri, hupeleka tena, hatimaye hupewa kiti pembeni. Dar es Salaam wanakwenda fildi, Nairobi wanakwenda atachi, na katika hospitali za Tanzania kuna daktari tarajali, ambamo sikio husikia taraji, yaani matumaini. Staji imetoka Kifaransa, na Kifaransa kiliichukua kwenye Kilatini cha Zama za Kati, kwenye neno la makazi, la kukaa mahali kwa muda. Hapo ndipo napenda kusimama. Menyu za Kiswahili za simu na kompyuta hutumia sakinisha kwa tendo la kuiweka programu ndani ya mashine, na sakinisha imetokana na sakini, kukaa, kufanya maskani. Kumbe stajiere, yaani mwenye staji, na programu ni ndugu: wote wawili wamesakinishwa. Tofauti ni kwamba programu ikishasakinishwa hupewa kazi. Stajiere wengi husakinishwa tu. Huletwa ofisini, huonyeshwa mahali pa kutolea kopi, hutumwa chai, na mwisho wa miezi mitatu hupewa karatasi yenye mhuri inayosema alikuwepo. Alikuwepo kweli, hilo halina ubishi.

Lugha yetu ina neno bora kuliko hayo yote, nalo ni mwanagenzi. Mwanagenzi ni anayejifunza kazi kwa kuifanya, mkononi mwa anayeijua. Serikali ya Tanzania imelirudisha kazini: kuna programu za uanagenzi, na VETA ina uanagenzi pacha, ambapo kijana hugawa muda wake baina ya chuo na karakana ya mwajiri. Sikio la Kirundi lina zawadi ya ziada hapa. Kwetu umugenzi ni rafiki, mtu mnayekwenda naye njia moja, na kugenda ni kwenda. Mrundi akisikia mwanagenzi hawezi kukosa kumsikia msafiri mle ndani. Lingetufaa pia kwa sababu linamfunga mwenye karakana. Ukimchukua stajiere, unampa kiti. Ukimchukua mwanagenzi, unadaiwa kazi ya kumfundisha, na yeye anadaiwa kukushikia taa, kukusanya skrubu, kuangalia, na baadaye kushika bisibisi mwenyewe. Magereji ya Buyenzi yamekuwa yakiendeshwa hivyo muda mrefu, bila waraka wa wizara. Mtoto huanza kwa kuosha vipuri kwa mafuta. Sijui kwa nini tukifika kwenye kompyuta tunadhani njia hiyo imefungwa.

Nomino zimetosha. Ujuzi wa mikono hukaa kwenye vitenzi, na Kiswahili hapa ni tajiri kupita tunavyojua. Chukua tatizo. Ndani yake kuna tata, kile cha kusokotana, kama uzi uliofungana. Geuza kwa kiambishi cha kutengua, kile kilichotoa fungua kwenye funga, unapata tatua. Kutatua ni kufumbua kilichojisokota, na uzi uliofungana hauvutwi ovyo, ukiuvuta unakaza. Hicho ndicho kitenzi kikuu cha kazi hii, na darasa hukifundisha kwa nadra.

Tazama fundi mzuri akiletewa kompyuta ya mkononi isiyowaka. Haanzi kwa kupiga Windows upya, kama wanavyosema mafundi wa Dar es Salaam. Anapima kwanza kama adapta inatoa umeme. Anaitoa betri, anajaribu bila hiyo. Anaichomoa rami, anafuta meno yake, anairudisha; kama zipo mbili, anajaribu moja moja. Anaunganisha kioo cha nje ili ajue ni mashine iliyokufa au ni kioo tu. Anaitoa diski aone kama mashine itawaka bila hiyo. Kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja, na hagusi mawili kwa wakati mmoja, maana akigusa mawili na mashine ikawaka, hatajua ni lipi lililoiponya. Hakuna cheti kinachoweza kumpa mtu subira hiyo. Inapatikana kwa mashine mbovu, nyingi, na mtu wa kukuzuia mkono unapofanya haraka.

Na Bujumbura mashine mbovu hazikosekani, kwa sababu ya umeme. Kirundi cha vitabu huuita umuyagankuba, upepo wa radi, na Kiswahili kimechukua umeme ule ule wa mawinguni. Mtaani husemwa umuriro, moto. Regideso, shirika la umeme, ikikata na kurudisha, nguvu hurudi kwa kishindo, na vifaa vya kupokelea umeme ndani ya kompyuta huungua. Mwanagenzi wa hapa hujifunza mapema habari za stabiliza na UPS, hujifunza kupima volti, hujifunza kuhifadhi kazi kila baada ya mistari michache. Mwenzake anayesoma katika mji ambao taa hazizimiki atayasoma hayo kitabuni kama sura ya mwisho. Kwetu ni sura ya kwanza.

Pakua na pakia nayo ni maneno ya kwetu. Yalikuwa bandarini na jikoni kabla hayajaingia kwenye intaneti: shehena hupakiwa Kigoma, hupakuliwa Bujumbura, na wali hupakuliwa chunguni. Kwenye mtandao kupakua ni ghali, na hilo lina athari katika namna ya kujifunza. Faili moja la mfumo wa Linux hufika gigabaiti kadhaa. Anayenunua vifurushi vya simu vya siku moja moja hawezi kulivuta kila anapokosea. Kwa hiyo huvutwa mara moja, mahali penye Wi-Fi, kisha huzunguka kwa flashi, kutoka mfuko hadi mfuko. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, haikatazi kunakiliwa, tena inaruhusu wazi. Ndani ya kompyuta moja kuukuu yenye rami ya gigabaiti nane, programu ya bure kama VirtualBox huweza kuendesha mashine pepe mbili au tatu ndogo, moja ikiwa seva, nyingine wateja, zikizungumza kwa anwani za IP kana kwamba kuna kebo kati yao. Cisco nao hutoa Packet Tracer, inayochora ruta na swichi ambazo kijana hana fedha za kuzinunua. Hizo hazifanyi kazi ya kubana waya kwenye koneta ya kebo, nyaya nane kwa mpangilio wa rangi. Hiyo ni ya vidole, na mara ya kwanza huharibika kwa kila mtu.

Watu huniuliza kijana ajifunze kwa lugha gani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Nilifurahi, na bado nafurahi kwamba ilitokea. Lakini meza za mafundi hapa zina mashine za Kifaransa na za Kiingereza, na ujumbe wa kosa ukitaka kuutafutia dawa kwenye intaneti, ukiuandika kwa Kiingereza utapata majibu mia, kwa Kifaransa kumi. Hiyo ni hali ya soko, wala si dharau kwa lugha yoyote. Fundi asome kosa kwa Kiingereza, ajaze fomu kwa Kifaransa, na amweleze mteja kwa Kiswahili au Kirundi.

Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa, na ndilo linalolipa. Duniani kote mlango wa kwanza wa kazi hii ni dawati la msaada, kumsikiliza mtu aliyekasirika na mashine yake. Anayefika akisema "partisheni ya buti imekorapti" amemwongezea mama mwenye duka hofu juu ya hasara. Anayesema "mashine haioni mahali pa kuanzia; faili zako zipo, nitazinakili kwanza, ndipo nirekebishe" amepata mteja wa kudumu. Hapo istilahi ni bisibisi nyingine. Kumwambia mtu diski yake inakufa, bila kumdanganya na bila kumtisha, kunahitaji maneno yaliyopimwa, na maneno hayo hayapo katika mtaala wa kozi yoyote ninayoifahamu.

Sidharau shule. Chuo Kikuu cha Burundi kilichoanza mwaka 1964, sekondari ya ufundi ya Kamenge, vyuo vya imyuga, yaani kazi za mikono, vyote vinatoa kitu ambacho meza ya fundi haitoi: sababu za mambo, hesabu, na utaratibu wa kufikiri. Ila diploma inasema ulipitia wapi. Anayetaka kuonyesha anaweza nini anahitaji kitu kingine, nacho ni daftari. Kila mashine iliyopita mikononi mwake iandikwe humo: tarehe, dalili, chanzo, alichokifanya, kilichotokea, na hata zile zilizomshinda. Baada ya mwaka daftari hilo lina tajriba ambayo hakuna mhuri unaoweza kuithibitisha zaidi.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na soko la pamoja lilianza 2010, likiahidi wafanyakazi kuvuka mipaka. Fundi wa Bujumbura akivuka kwenda Kigoma au Dar es Salaam, Kiswahili chake cha kazi ndicho hati yake ya kwanza, na Kiswahili hicho hakijakusanywa popote. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ipo tangu 1967, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao Zanzibar. Wataalamu wao, na nalitumia neno hilo kwa maana yake ya Kiarabu, waje Buyenzi na kalamu, wakae kwenye benchi la fundi, waandike kuflashi, kudekoda, kuchomea, kubana kebo, kabla hawajaketi kutunga orodha nyingine.

Na nyinyi waajiri wa mji huu, tangazo lenu lijalo liacheni bila miaka. Andikeni kwamba mwombaji alete daftari lake, na kwamba siku ya usaili atawekewa mezani kompyuta isiyowaka.